Saa inayosema, lakini haisemi saa zetu

Kwa anayeona, kujua saa ni suala la kutupa jicho ukutani. Kwa asiyeona, kwa muda mrefu njia imekuwa moja: kuuliza. Anauliza kituo cha basi, anauliza ofisini, anamuuliza mtoto aliyekaa naye sebuleni. Kila anapouliza, lazima apatikane mtu, mtu huyo awe na saa, na awe na moyo wa kujibu. Akishtuka usiku nyumba nzima imelala, hana wa kumuuliza. Hubaki kitandani akitega sikio, asijue kama kumekaribia kukucha au saa sita ndiyo kwanza imepita.

Kifaa cha kuondoa adha hiyo kipo. Ni saa ya mkononi inayosema: unabonyeza kitufe, inakutamkia saa na dakika. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwaka 2016 orodha ya vifaa saidizi 50 vya kupewa kipaumbele, saa za kusema na za kupapasa ziliwekwa humo pamoja na fimbo nyeupe, viti vya magurudumu na vifaa vya kusaidia kusikia. Maana yake ni kwamba kifaa hiki kimehesabiwa miongoni mwa mahitaji ya msingi ambayo kila nchi inapaswa kuyafikiria inapopanga huduma kwa wananchi wake.

Lakini kwa msemaji wa Kiswahili kuna pengo ambalo halijazibwa. Saa zinazofika kwenye maduka yetu kwa kawaida husema Kiingereza, na nyingine Kifaransa au Kiarabu. Hata kwa anayezielewa lugha hizo, zinahesabu kuanzia usiku wa manane, ilhali sisi tunahesabu kuanzia macheo. Nataka kuonyesha kwamba pengo hilo ni dogo mno kiufundi, na kwamba hatuna sababu ya kuendelea kuliacha wazi.

Saa na afya

Mzee mwenye presha ya macho huandikiwa matone. Timolol, mojawapo ya dawa za ugonjwa huo, kwa kawaida hutiwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Presha ya macho ikishakula sehemu ya uoni, sehemu hiyo hairudi. Kazi ya dawa ni kulinda kilichobaki. Kwa hiyo mzee huyu, ambaye haoni tena mishale ya saa yake, ndiye anayetakiwa kufuata ratiba kwa makini kuliko wote nyumbani. Kijana anayemtilia dawa akisahau, dozi inaruka. Akiwa na saa inayomtamkia, hata kama mkono wake hauwezi kulenga tone, ataita kwa wakati.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Ubongo wa binadamu una saa yake, inayopanga usingizi, njaa na joto la mwili. Kwa watu wengi mzunguko wake wa asili huzidi saa 24 kwa dakika kadhaa, na kinachoirudisha kwenye mstari kila siku ni mwanga unaoingia kwa njia ya macho. Baadhi ya wasioona bado macho yao hupeleka taarifa hiyo ya mwanga kwenye ubongo, hata kama hawaoni umbo lolote. Lakini kwa wengi ambao macho hayapokei mwanga kabisa, saa ya mwili huteleza kidogo kidogo. Baada ya wiki kadhaa mwili unadai kulala adhuhuri na unakataa usingizi usiku. Madaktari wanaliita tatizo hilo ugonjwa wa usingizi usiofuata saa 24. Mtu wa namna hiyo hawezi kuutegemea mwili wake umwambie ni saa ngapi. Anahitaji saa ya nje anayoweza kuiuliza wakati wowote, hata usiku wa manane, bila kumwamsha mtu.

Kazini mambo ni yaleyale. Mwalimu asiyeona aliyesimama mbele ya darasa anatakiwa ajue zimebaki dakika ngapi kabla ya kengele, ili apime kama aanze mfano mpya au afunge somo. Akiwauliza wanafunzi kila baada ya muda, darasa linajifunza kumchukulia kama mtu wa kuelekezwa. Kitufe mkononi mwake kinamwachia mamlaka yake.

Kitufe kimoja

Wazo la kusikia saa badala ya kuiona ni la zamani. Mwaka 1676 Mwingereza Edward Barlow alibuni mtambo wa saa ya mezani unaorudia kugonga saa mtu anapovuta kamba. Enzi hizo usiku ulikuwa giza, na kuwasha taa ilikuwa kazi; mtu alivuta kamba kitandani na kuhesabu milio. Miaka kumi hivi baadaye mtambo huo ulipunguzwa ukaingia kwenye saa ya mfukoni, na ukazuka mgogoro wa nani apewe haki ya ubunifu, Barlow au fundi mwenzake Daniel Quare. Mwaka 1687 Mfalme James wa Pili alizijaribu saa zote mbili, akampa ushindi Quare. Saa ya Barlow ilihitaji kubonyezwa sehemu mbili, moja ya saa na nyingine ya robo. Ya Quare ilibonyezwa mara moja tu, ikagonga saa kisha robo.

Uamuzi huo wa mfalme una funzo hadi leo. Kifaa cha mtu asiyeona hupimwa kwa urahisi wa kutumika gizani kwa kidole kimoja, na anayetengeneza saa ya kusema asisahau hilo anapoongeza vitufe vya mapambo.

Mwishoni mwa karne ya 18, fundi maarufu wa Paris, Abraham-Louis Breguet, alitengeneza saa za kupapasa: mshale nje ya kifuniko na vinundu vilivyozunguka ukingo. Waliozinunua walikuwa matajiri waliotaka kujua saa mfukoni bila kuonekana wanaichungulia. Ni baadaye tu saa za kupapasa zilipotengenezwa kwa kuwalenga wasioona, zikiwa na kioo kinachofunguka, mishale imara isiyohama inapoguswa, na vinundu kwenye kila saa.

Sauti ya mtu ilianza kuenea karne ya 20. Tarehe 14 Februari 1933 kituo cha unajimu cha Paris kilianzisha huduma ya simu iliyotaja saa kwa sauti iliyorekodiwa, na wapigaji siku hiyo walizidi kabisa uwezo wa laini. London ikafuata mwaka 1936. Mwaka 1979 kampuni ya Sharp ya Japani ilitoa saa ya mezani ya umeme inayosema, na tangu hapo vipuri vimezidi kuwa vidogo na bei kushuka. Kifaa ambacho zamani kilikuwa cha wafalme leo kinapatikana kwenye masoko ya mtandaoni kwa chini ya dola 10.

Ndani ya saa inayosema

Ukiishika mkononi saa ya aina hiyo ya bei nafuu, kwanza utahisi unene wake, kwa sababu imebeba spika ndogo. Ina kitufe kikubwa kuliko vingine, ambacho ndicho cha kuitamkisha. Vingine ni vya kurekebisha na kuweka alamu. Kwenye nyingi, alamu una hiari ya kuichagua iwe mlio wa kawaida, muziki, au jogoo anayewika.

Ndani kuna kipande cha fuwele ya kwazi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Chipu inahesabu mitetemo hiyo na kuigeuza kuwa sekunde, dakika na saa. Kando yake ipo kumbukumbu iliyohifadhi vipande vya sauti: namba moja moja na maneno machache ya kuunganisha. Ukibonyeza, chipu inachukua vipande vinavyohusika na kuvipiga kwa mfululizo. Haijui lugha yoyote. Inapanga tu sauti ilizopewa, kwa kanuni iliyopewa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kama saa haijui lugha, basi kuifundisha Kiswahili ni suala la kuipa sauti nyingine na kanuni nyingine.

Hesabu tuifanye pamoja. Namba moja hadi tisa ni maneno tisa. Ongeza kumi, ishirini, thelathini, arobaini na hamsini: 14. Ongeza saa, na, na dakika: 17. Ongeza alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku: 22. Ukitaka isikike kama mtu anavyosema mtaani, weka pia kamili, nusu, robo na kasoro: 26. Kwa maneno hayo 26 saa inaweza kutamka dakika yoyote ya siku, tangu saa kumi na mbili kamili asubuhi hadi saa tano kasoro robo usiku. Kiingereza, kwa kuwa namba zake za kumi na moja hadi kumi na tisa kila moja ina neno lake, kinahitaji maneno 23 kwa namba peke yake. Sisi tunatumia 14. Lugha yetu ni rahisi zaidi kuiingiza kwenye chipu kuliko lugha ambayo chipu hizo zinaisema sasa.

Kanuni nayo ni fupi: tofauti ni saa sita. Saa ya kimataifa ikiwa kati ya moja na sita, jumlisha sita. Ikiwa kati ya saba na kumi na mbili, toa sita. Kinachohitaji mjadala wa kweli ni majina ya vipindi vya siku. Je, saa kumi kabla ya kukucha iitwe ya usiku au ya alfajiri? Saa kumi ya baada ya adhuhuri iwe ya mchana, ya alasiri au ya jioni? Hayo waulizwe wasioona wenyewe, wa Mombasa na wa Mwanza, kabla sauti haijarekodiwa, kwa sababu ndio watakaoisikia kila siku.

Wala soko lake si la Waswahili peke yao. Waganda na Waethiopia nao huhesabu saa kuanzia asubuhi kama sisi. Chipu yenye kanuni hiyo ya sita ingebadilishiwa sauti tu, na kuwahudumia majirani.

Njia ya kutumia saa ya sasa

Wakati tukisubiri, anayemiliki saa ya Kiingereza anaweza kuirekebisha ifuate hesabu yetu. Asubuhi ikitimia saa moja kamili, badala ya kuiweka 7:00 AM, iweke 1:00 AM. Kuanzia hapo itataja namba zetu. Adhuhuri itasema saa sita, na saa mbili usiku itasema mbili. Tena AM itakuwa na maana ya mchana mzima, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi jioni, na PM itakuwa usiku wote. Anayetaka kuamka saa kumi na moja alfajiri ataweka alamu 11:00 PM.

Hasara yake ni tarehe. Saa iliyowekwa hivyo itabadili tarehe saa kumi na mbili asubuhi, si saa sita usiku. Mfanyakazi wa zamu za usiku lazima alikumbuke hilo. Kwa wengine wengi, tarehe hubadilika wakiwa ndio wanaamka. Na mtu mzima asiyejua Kiingereza anaweza kufundishwa namba kumi na mbili za saa kwa mchana mmoja, mradi hesabu ya kugeuza saa sita iwe imeondolewa kichwani mwake.

Vidole badala ya sauti

Sauti ina mahali pake, na pengine haifai. Msibani, msikitini, kanisani au katika chumba cha mtihani, saa inayosema humfanya mwenyewe aone haya kuibonyeza. Na kwa mtu asiyeona na asiyesikia, saa ya kusema haina msaada wowote. Hapo ndipo saa za kupapasa na za kutetema zinapohitajika.

Saa ya kupapasa iliyojulikana zaidi katika miaka ya karibuni inaitwa Bradley, ya kampuni ya Eone, iliyotoka mwaka 2013. Mbunifu wake, Hyungsoo Kim, alikuwa mwanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani, na chanzo cha wazo hilo kilikuwa mwenzake wa darasani asiyeona aliyehitaji kujua saa katikati ya kipindi. Imepewa jina la Bradley Snyder, mwanajeshi wa maji wa Marekani aliyepoteza macho kwa bomu nchini Afghanistan tarehe 7 Septemba 2011. Tarehe hiyohiyo mwaka uliofuata alitwaa dhahabu ya kuogelea mita 400 kwenye Paralimpiki ya London. Badala ya mishale, saa hiyo ina gololi mbili zinazovutwa na sumaku: moja usoni kwa dakika, nyingine ukingoni kwa saa. Ukiisukuma gololi kwa bahati mbaya, ukitikisa mkono sumaku inairudisha mahali pake.

Kwa Mswahili, saa ya kupapasa ina faida ambayo saa ya kusema haijaipata. Sote tulijifunza kusoma upande wa pili wa mshale: mshale mfupi ukiwa kwenye saba, ni saa moja. Kidole nacho hufanya hivyohivyo. Gololi ikiwa kwenye saba, kidole huvuka hadi nundu ya mkabala, na jibu ni moja. Kikwazo ni bei, kwani Bradley huuzwa zaidi ya dola 200. Saa za kawaida za kufungua kioo ni nafuu kuliko hiyo, na fundi saa wa mtaani anaweza kuzihudumia.

Simu haitoshi

Wapo watakaouliza: si simu zinasema? Kweli, iPhone zina kisoma skrini tangu mwaka 2009, na Android vilevile. Vijana wengi wasioona mijini wanavitumia vizuri sana. Lakini simu janja ni ghali, inaisha chaji, inahitaji mafunzo, na kuitoa mfukoni kituoni ili tu ujue saa ni kuwaita vibaka. Bibi kijijini mwenye simu ya vitufe hana kisoma skrini hicho. Saa ya mkononi hufanya kazi moja, haihitaji bando wala umeme, na betri yake hudumu miezi mingi.

Anayetaka kumnunulia ndugu yake aangalie mambo haya. Afumbe macho dukani, atafute kitufe kwa kidole na kukibonyeza. Kama yeye hakupata kitufe, asiyeona naye atahangaika. Asikilize sauti yake nje, penye kelele za barabarani. Ahakikishe saa inatamka hata wakati wa kurekebishwa, la sivyo mwenyewe atahitaji mtu wa kumwekea kila betri inapobadilishwa. Aulize aina ya betri. CR2032, ile bapa ya duara, hupatikana karibu kila mahali. Kwa mwenye uoni hafifu, wakiwamo watu wengi wenye ualbino, atafute namba kubwa nyeusi kwenye uso mweupe, au kinyume chake, na kioo kisichong'aa.

Na ndugu zetu walio Ulaya, wanaotaka kutuma zawadi, waepuke saa zinazojirekebisha kwa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo hurushwa kutoka mitambo ya Uingereza na Ujerumani, na ule wa Ujerumani hufika takriban kilomita 2,000 tu. Dar es Salaam na Nairobi ziko mbali mno. Saa ya kawaida ya kwazi, inayowekwa kwa mkono, itatufaa zaidi, kwani huku hatubadilishi saa kwa majira, ukishaiweka, umeiweka.

Agizo la ukurasa mmoja

Ahadi hazijakosekana. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Mkataba huo unazitaka nchi kukuza upatikanaji wa vifaa saidizi kwa bei inayomudika. Nairobi yenyewe ndiyo iliyotoa jina kwa itifaki ya UNESCO ya mwaka 1976, ambayo inagusa msamaha wa ushuru kwa bidhaa za wasioona. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali la Tano, nayo inasamehe ushuru wa vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa watu wenye ulemavu. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba saa inayosema inapofika bandarini inahesabiwa kuwa kifaa saidizi, isije ikalipiwa ushuru kama pambo la mkononi.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilieleza kuwa watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji. Vifaa vingi kwenye ile orodha ya vifaa 50 ni ghali au vinahitaji wataalamu wa kuvipima. Saa inayosema haihitaji daktari wa kuipima wala hospitali ya kuifungia. Ni mahali pazuri pa kuanzia kwa serikali inayotaka matokeo ya haraka.

Kiwanda hakitabadilisha sauti kwa ajili ya mteja mmoja mmoja anayeagiza mtandaoni. Kitabadilisha kikipewa agizo kubwa. Chama cha Wasioona Tanzania, Kenya Society for the Blind na vyama vya majirani vina wanachama, na vinajua nani anahitaji nini. Wakikaa pamoja, agizo lao linaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja: maneno 26 ya Kiswahili yaliyorekodiwa kwa sauti inayosikika vizuri, kanuni ya saa sita, kitufe kimoja kikubwa, betri inayopatikana wilayani, maelekezo kwa sauti na kwa nukta nundu. Wizara zinazoshughulikia watu wenye ulemavu ziidhamini oda ya kwanza, mamlaka za mapato ziipitishe bila ushuru, na shule za wasioona, kuanzia Buigiri hadi Thika, ziwe za kwanza kuzipokea. Watoto wa huko wafundishwe kutunza muda wao kwa lugha yao tangu darasa la kwanza, nao watafika kazini wakiwa na saa zao mkononi.